Siku Niliyoupakia Upya Ukurasa Wako

Bariadi,
Jumapili, saa nane mchana.

Kabula mwanangu,

Mwadila, mayu, habari za mchana. Nakuandikia nikiwa dukani, mlango nimeurudishia nusu ili watu wadhani nimefunga. Hata hivyo ameingia mmoja kutaka picha za pasipoti, nikamwambia mashine mbovu. Mashine ni nzima. Mimi ndiye sikutaka kusimama.

Wewe na mama yako mko Binza kumuaga mama mkubwa. Mtarudi jioni, na kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dodoma kuanza kazi. Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kutoazimisha vitu vyako ovyo mama yako amekwisha kukuambia, na kwa jinsi ninavyomjua anayarudia sasa hivi huko mliko. Sina la kuongeza hapo. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka miwili.

Nalisema mapema ili usisome barua hii ukilitafuta. Ile Jumamosi uliyofika msibani kwa bibi yako ukakuta tumemzika jana yake, hukukosea. Ulisoma sawasawa. Simu yako ilikuwa imeandikwa Jumamosi. Aliyeyafuta maneno hayo mbele za watu ni mimi, na nilijua ninachofanya.

Unaujua ukurasa wa chama chetu cha kuzikana, lakini hujui yote kuhusu ulivyoanza. Zamani akifariki mtu kijijini, nsumba ntale, yule kiongozi wa vijana, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuita watu. Fulani hatunaye, maziko siku fulani, wanaume waje na majembe, wanawake waje na maji, kuni na unga. Sisi tuliohamia mjini habari zilikuwa zinatufikia matanga yakiwa yameshaanuliwa. Ndipo nikawaambia wazee nitatengeneza ukurasa ambao kila mtu atausoma kwenye simu yake. Nilijifunza mwenyewe hapahapa dukani, kwenye ile kompyuta iliyokuwa ikinguruma mpaka wateja wanauliza kama kuna mashine ya kusaga nyuma. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeingia chuo. Ulipouona ulicheka, ukasema una rangi za gesti. Nilinuna siku mbili, halafu nikabadilisha rangi.

Shida ikawa mtandao. Mtu akitaka kujua kama kuna mabadiliko ilibidi aupakie upya ukurasa wote, na picha ya marehemu juu yake, bando linaliwa, na kule kijijini nusu ya siku anaishia kupata karatasi nyeupe. Mzee Masanja, mwenyekiti wetu, aliona ile nyeupe akawatangazia watu kwamba maziko yameahirishwa. Nikakaa wiki tatu kutafuta namna. Nikaupata ule ufundi ambao wewe leo unaufanya huku unapiga soga. Ukurasa ukiwa wazi, kila dakika unaiuliza seva kimyakimya kama kuna jipya. Likiwepo, seva inajibu kwa maneno machache, na ukurasa unabadilisha hayo tu. Vingine vyote vinabaki palepale na mwenye simu hagusi kitu.

Siku ya kuwaonyesha wazee niliiweka simu ya Mzee Masanja mezani, nikaenda kwenye kompyuta, nikabadilisha saa nane kuwa saa tisa. Walikuwa wameikodolea macho. Tarakimu ikageuka yenyewe. Mzee Masanja akaichukua simu, akaipindua, akaangalia mgongoni. Siku ile nilijiona mtu. Wakamwambia nsumba ntale apumzike, asitembee tena, yule fundi wa Bariadi amemaliza kazi. Mimi nikakubali kuitwa fundi.

Hapo mwanzoni, mtandao ukikatika, ukurasa ulikuwa unaandika kwa rangi nyekundu kwamba umeshindwa kupata habari. Watu wakanisumbua. Kila mmoja alidhani kosa ni lake. Mama mmoja alikuja hapa dukani kuomba radhi kwa kuharibu kitu cha chama. Nikaiondoa ile nyekundu. Nikauagiza ukurasa kwamba ukikosa jibu unyamaze, ubaki na maneno ya zamani, usimsumbue mtu. Na chini nikaweka maandishi madogo: Imehuishwa sasa hivi, pamoja na saa na dakika. Hiyo saa nilikuwa naichukua kwenye simu yenyewe, siyo kwenye jibu la seva. Maana yake ni kwamba hata seva ikikaa siku mbili bila kujibu, ile saa inakwenda tu, na msomaji anaona kila kitu ni kipya. Wewe uliyesomea umeshaliona kosa. Mimi niliona ni pambo.

Bibi yako akafariki Jumatano. Wewe ulikuwa Nyashimo kwenye mafunzo kwa vitendo. Nilikupigia, ukalia kwenye simu, mimi nikasubiri umalize. Nikakuambia maziko ni Jumamosi. Nikakuambia na hili, nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nilikuwa najisikia vizuri kulisema hata siku hiyo: "Fungua ukurasa uuache wazi. Usiufunge, usiupakie upya, utajibadilisha wenyewe." Ukasema sawa baba.

Alhamisi mvua ikanyesha. Wazee wakaona tukisubiri Jumamosi kaburi litajaa maji na magari hayatavuka mto, wakasogeza maziko hadi Ijumaa. Mama yako alishatangulia kijijini. Mimi nilikuwa hapa mjini, kwenye kiti hiki, na mtandao wa kutosha. Nikaingia kwenye seva nikabadilisha siku. Mchungaji alikuwa ameomba tuongeze saa ya ibada, nikaona nipange upya vizuri, nikabadilisha na majina ambayo seva inayatumia kujibu. Nikafungua kwenye simu yangu, nikaona Ijumaa. Nikazima kompyuta nikaenda kununua sanda.

Walioufungua ukurasa baada ya hapo waliona Ijumaa. Wewe uliyeuacha wazi tangu Jumatano, kwa kunitii, ulikuwa na ukurasa wa zamani unaouliza kwa majina ya zamani. Seva haikuyajua tena. Ukurasa ukanyamaza kama nilivyouagiza, ukabaki na Jumamosi, na chini yake ukaendelea kuandika kwamba umehuishwa sasa hivi.

Sikukupigia. Dakika moja ya kuongea ingetosha. Niliona kukupigia ni kama kuudharau ukurasa wangu. Mama yako alidhani nimekupigia. Ijumaa pale kaburini shangazi yako Limi aliniuliza mara mbili, Kabula yuko wapi. Mara zote mbili nilimwambia ameona, yuko njiani. Unajua kwenye ukoo wetu somo wa marehemu ndiye anayetangulia kutia udongo, na wewe ndiye uliyebeba jina la bibi yako. Alikulea miaka sita, mlikuwa mnaitana mwenzangu. Tulisubiri, mawingu yakaanza kukusanyika, mchungaji akaangalia saa. Akatia udongo binti wa shangazi yako. Mimi nilikuwa nimesimama naangalia viatu vyangu vilivyojaa tope, na sikujisikia chochote. Watu walinisifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri, mwanangu. Kulikuwa na ganzi tu, na mpaka leo sijalia.

Ukafika Jumamosi saa tatu asubuhi, umejifunga khanga, umebeba unga kichwani kama mjukuu aliyefundwa. Wanaume walikuwa wanafungua turubai. Ukauona udongo. Ukauliza, "Mmeshamzika?" Shangazi yako akasema maneno yake makali, nawe unayajua, siyarudii. Ukatoa simu. Sauti yako haikuyumba. Ukasema, "Baba, angalia. Imeandikwa Jumamosi."

Ukanipa mimi. Ungeweza kumpa Mzee Masanja, alikuwa karibu zaidi. Ulinipa mimi kwa sababu ndiye mwenye ukurasa na ndiye baba yako.

Nikaangalia. Jumamosi. Chini, Imehuishwa sasa hivi, saa tatu na dakika kumi na mbili. Nikaelewa yote pale pale, majina niliyobadilisha, ile saa ya uongo, maneno niliyokuambia Jumatano. Nilikuwa kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Wazee walikuwa wananiangalia. Nikaweka kidole gumba juu ya kioo, nikavuta chini, ukurasa ukapakia upya. Mtandao wa kule, ambao siku zote ni wa kubahatisha, siku hiyo haukusita hata kidogo. Ikaja Ijumaa. Nikaigeuza simu kuwaelekea wazee, nikasema, "Imeandikwa Ijumaa."

Ikapita mkono kwa mkono. Shangazi yako akasema, "Simu inasoma vizuri. Wewe ndiye husomi." Nilikuona ukiichukua, ukaiangalia, ukaiangalia tena. Nilidhani utanibishia. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini ulisema polepole, "Basi nilisoma vibaya," ukaenda kukaa na wanawake. Kwenye msiba uliofuata wakakupa adhabu ya kuchota maji peke yako, wenzako wamekaa. Nilikuwepo. Nilikuona ukipita na ndoo, nikainamia sahani yangu.

Nimejipa sababu nyingi. Kwamba sikuwa nimelala siku tatu. Kwamba nilikuwa nimefiwa na mama. Kwamba kama wazee wangejua ukurasa umedanganya kwenye msiba wa nyumba yangu mwenyewe, wasingeuamini tena na watu wangerudi kuchelewa kuzika ndugu zao. Ya mwisho niliipenda sana, nimeitumia mwaka mzima. Ukweli ni mfupi kuliko hapo. Niliogopa kuchekwa, na wewe ulikuwa karibu.

Wiki ile ile nililirekebisha kosa. Nilirudisha ile nyekundu, nikaichukua saa kutoka kwenye jibu la seva, nikauagiza ukurasa ujipakie upya wenyewe kila ninapobadilisha mpango. Kazi ya jioni moja. Mtu yeyote anayeutumia leo anaambiwa ukweli. Ni wewe tu uliyebaki na toleo la zamani.

Nilidhani utasahau. Badala yake nikaanza kukuona ukipiga picha kila kitu kwenye simu yako, ratiba, risiti, meseji. Kwenye mtihani wa mwisho ulikwenda siku moja kabla, ukalala kwa rafiki yako kwa kuogopa kukosea tarehe. Mama yako alicheka, akasema umekuwa mwoga kama kuku wa kuazimwa. Mimi sikucheka, na sikusema. Halafu Jumatatu iliyopita ukaja hapa dukani na barua yako ya kazi. Mtu mwenye stashahada, uliyewashinda wenzako kwenye usaili, ukanipa karatasi ukasema, "Baba, nisomee tarehe ya kuripoti. Mimi huwa nakosea."

Nikakusomea. Ukashukuru. Ulipotoka nilikaa nikaona ganzi ile imefika mpaka mikononi, nikashindwa kukata picha za mteja. Nikajua nisiposema sasa, utakwenda kuishi maisha yako yote ukitafuta mtu wa kukuthibitishia kwamba unaona unachokiona.

Juzi nilikwenda kijijini. Shangazi yako alikuwa anamenya karanga. Nilimweleza kila kitu, hata namna kidole kilivyokwenda. Hakuacha kumenya. Mwisho akauliza, "Yeye umemwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Sasa mimi unaniambia ili iweje?" Nikasimama kuaga. Aliponisindikiza nje alisema yale maneno aliyokuambia siku ile hajayasahau, na kwamba atakupigia, lakini siyo kabla yangu. Mzee Masanja naye alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema atalisema kwenye kikao, mbele ya wote, na mimi nitakuwepo. Akaniuliza kama naujua utaratibu wa adhabu. Nikasema naujua. Kwa hiyo msiba ujao nitachota maji. Nimeshaangalia ndoo zetu, moja inavuja.

Mama yako nilimwambia leo asubuhi. Alikuwa anapiga pasi gauni lako la bluu. Alimaliza kwanza mikono yote miwili. Nikamwambia nitakuita jioni nikueleze. Akasema, "Andika. Ukisema kwa mdomo utajitetea." Ndipo akakuchukua mkaenda Binza, ili nipate nafasi. Usimlaumu kwa kukuficha njia nzima, nilimwomba mimi.

Huko Dodoma wamekuajiri kutengeneza kurasa za namna hiyohiyo, zinazojibadilisha mtu akiwa ameziangalia. Utazifanya vizuri kuliko mimi, sikufundishi kazi. Niliyojifunza yananihusu mimi zaidi kuliko kompyuta. Niliipenda sana hali ya mambo kubadilika bila mtu kushtuka. Nyumbani pia niliishi hivyo. Nilikuwa nakosea, halafu narekebisha kimyakimya, nabadilisha kile kipande tu, vingine vyote vinabaki palepale, na mtu akiangalia anaona mambo shwari. Mama yako anaweza kukutajia mengine. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu alishayasoma yale ya mwanzo na kuyaamini, na kwamba huyo anastahili kuambiwa kwa sauti kwamba yamebadilika na nani aliyeyabadilisha. Siku utakapolea mtoto, au utakapokuwa na watu chini yako, huenda litakufaa. Lisipokufaa liache.

Nimekaa hapa nikijaribu kusikia kitu. Majuto yapo, nayajua kwa akili, kama mtu anavyojua kwamba nje kuna joto akiwa amekaa ndani. Machozi hayaji. Nakuambia ili ukiniona jioni nina uso uleule wa kila siku usidhani nimeandika haya kwa kutimiza wajibu. Nakupenda, Kabula. Hilo halijafa ganzi, na ndilo linalofanya haya mengine yaniume hata pale nisipoyasikia.

Kukuomba msamaha naomba. Lakini sikuwekei kipimo wala muda, na sitamtuma shangazi wala mchungaji kukubembeleza.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako kubwa, utaikuta mkirudi. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimekaa sebuleni nimeshavaa viatu. Ukitaka nikusindikize stendi, niachie begi nilibebe. Ukitaka kwenda na mama yako tu, lichukue upite, sitanyanyuka wala sitauliza.

Lolote utakaloamua, usije mlangoni kwangu kuniuliza kama umeamua sawasawa. Umeamua sawasawa.

Mimi baba yako.